Utando mweupe umerudi kinywani mwa mwanangu: je, kinga yake ni dhaifu?

Swali: Binti yangu ana wiki 7. Ananyonya maziwa yangu, na usiku mara moja moja anapewa chupa. Alipofika wiki 4 alitoka utando mweupe kwenye mashavu kwa ndani na kwenye fizi. Tukapewa nistatini, dawa ya fangasi ya maji, tukampa siku 5, ukaisha. Baada ya wiki moja umerudi. Safari hii walimpitishia pamba kinywani wakapeleka maabara, majibu yakasema kandida ameota kwa wingi wa wastani. Ndugu wananiambia fangasi wa mdomoni kwa mtoto ni dalili kwamba damu imeingiliwa au kinga haipo. Uzito unaongezeka vizuri. Hili ni tatizo la kinywa tu, au linatuambia jambo kuhusu afya yake yote?

Jibu: Mama, kwa maelezo yako haya, kila dalili inaonyesha ni tatizo la kinywa, na kurudi kwake kuna sababu iliyo karibu zaidi kuliko kinga: siku 5 za nistatini ni chache, na chuchu ya ile chupa ya usiku huenda ndiyo inayomrudishia. Hata hivyo ndugu zako hawakulitoa neno lao hewani. Wapo watoto ambao utando kama huo ndio taarifa ya kwanza ya ugonjwa mzito. Fangasi mwenyewe ni yuleyule kwa wote, kwa hiyo kumtazama yeye hakutakusaidia kuwatofautisha. Tazama umri wa mtoto, tazama anavyokua, kisha tazama utando unavyofanya baada ya dawa kutolewa sawasawa.

Tuanze na karatasi ya maabara, maana ndiyo iliyowatia hofu. Kandida ni fangasi wa chembe moja, ndugu wa mbali wa hamira. Anaishi kinywani, tumboni, ukeni na kwenye ngozi ya watu wazima wengi wasioumwa chochote. Mtoto huanza kumpata siku ya kuzaliwa, anapopita kwenye njia ya uzazi, na aliyezaliwa kwa upasuaji atampata baadaye kutoka kwenye mikono inayomshika, kwenye ngozi ya matiti, kwenye chuchu za chupa. Katika wiki na miezi ya mwanzo idadi ya watoto wenye kandida kinywani hupanda, na wengi wao hawatoki utando hata siku moja. Kwa hiyo pamba ikimkuta kandida katika kinywa cha mtoto wa wiki 7, imemkuta mkaazi. Maneno "wingi wa wastani" nayo hayasemi kama mkaazi huyo ametulia au anasumbua. Hilo linaonekana kwa macho, kwa kumfungua mtoto kinywa na kutazama.

Kuotesha fangasi maabara kuna wakati wake. Dawa ikishindwa licha ya kutolewa ipasavyo, inafaa kujua ni kandida yupi. Anayepatikana mara nyingi ni kandida albikansi, ambaye kwa kawaida huzisikia dawa zote za kawaida. Kandida krusei kwa asili yake haisikii flukonazoli, dawa ya fangasi ya kumeza, na kandida glabrata huisikia kwa shida. Mtoto wa wiki 7 mwenye afya, aliyetoka utando kwa mara ya kwanza au ya pili, hahitaji kipimo hicho, na kikifanyika huzaa wasiwasi kuliko maarifa.

Basi mkaazi huyu huleta ugonjwa vipi? Kandida ana maumbo mawili. Akiwa ametulia ni chembe za mviringo zinazochipuka moja juu ya nyingine. Akipata nafasi hurefuka kuwa nyuzi, na nyuzi hizo hushika ngozi laini ya kinywa na kupenya ndani yake. Mwaka 2016 watafiti walieleza protini ndogo inayotolewa na nyuzi hizo, wakaiita kandidalisini, ambayo hutoboa chembe za ngozi ya kinywa. Utando mweupe unaouona ni mchanganyiko wa nyuzi, chembe za kinywa zilizokufa na uchafu wa uvimbe, vyote vimeshikamana. Ndiyo maana haufutiki kwa urahisi, na ukiung'oa kwa nguvu chini panabaki pekundu, pengine panatoa damu kidogo.

Hapo ndipo ilipo njia ya kuutofautisha na maziwa. Maziwa hukaa juu ya ulimi, hupungua saa moja au mbili baada ya kunyonya, na ukipitisha kitambaa safi chenye maji kilichozungushwa kidoleni yanatoka. Utando wa kandida hupenda mashavu kwa ndani, midomo kwa ndani, fizi na kaakaa, na huonekana kama maziwa yaliyoganda yaliyonata. Ulimi mweupe peke yake, sawasawa kote, kwa mtoto anayenyonya vizuri, mara nyingi ni maziwa tu, na watoto wengi hupewa dawa ya fangasi bila sababu kwa ajili ya ulimi huo. Vile vipunje vyeupe vigumu, viwili vitatu, katikati ya kaakaa au juu ya ufizi, navyo si fangasi: ni vifuko vidogo vya ngozi ambavyo hupotea vyenyewe katika wiki chache. Usivikwangue. Vidonda vilivyochimbika na vyenye maumivu makali, mtoto akiwa na homa, si sura ya kandida, na vinataka kuonwa siku hiyohiyo.

Kwa nini watoto wachanga ndio hasa? Sababu ya kwanza ni mate. Mtoto wa wiki chache ana mate machache kuliko yule wa miezi mitatu anayedondoka udenda, na mate ndiyo husukuma fangasi kuelekea tumboni na kubeba protini zinazomzuia kushika. Pili, bakteria wa kawaida wa kinywa, wanaogombania nafasi na chakula na kandida, bado hawajajipanga. Tatu, kinga ya mtoto bado inajifunza. Jambo hili la tatu ni hali ya umri, na kila mtoto mchanga huipitia. Mtu akisema kinga ya mtoto wa wiki 7 "haijakomaa" amesema kweli, ila ni kweli kwa watoto wote wa wiki 7. Ongeza juu ya hayo dawa za antibiotiki, apewe mtoto mwenyewe au mama anayemnyonyesha, maana huwaondoa bakteria na kumwachia kandida uwanja. Steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) ya kuvuta kwa barakoa nayo humpa kandida nafasi, hasa mtoto asipofutwa kinywa na uso baada ya kuivuta.

Mama kula sukari hakumo katika orodha hiyo. Hakuna sababu ya kumkatisha mama anayenyonyesha vyakula vyake kwa ajili ya utando wa mtoto.

Sasa dawa, maana hapa ndipo mambo huharibika. Nistatini ya maji huwa na yuniti 100,000 katika kila mililita. Ilipatikana mwaka 1950 na wanasayansi wawili wanawake, Elizabeth Lee Hazen na Rachel Fuller Brown, wakaipa jina kutokana na Jimbo la New York walikofanyia kazi. Ni dawa salama kwa sababu haiingii mwilini: tumbo karibu halifyonzi kitu. Lakini usalama huo huo ndio udhaifu wake. Inaua pale tu inapogusa. Ikimwagwa juu ya ulimi ikamezwa, imepita kinywani kwa sekunde chache na fangasi wa shavuni hajaiona.

Tikisa chupa vizuri kwanza, maana dawa hukaa chini, na asiyetikisa humpa mtoto maji matamu wiki ya kwanza na dawa nzito wiki ya pili. Mpe baada ya kunyonya, kisha usimnyonyeshe kwa dakika 20 au zaidi. Dozi ya kawaida ni mililita 1 hadi 2 mara 4 kwa siku, kufuatana na mwongozo unaotumika na uzito wa mtoto. Fuata ile uliyoandikiwa. Igawe nusu kwa nusu: dropa au sirinji isiyo na sindano iingie kati ya shavu na ufizi upande wa kulia, halafu upande wa kushoto, kidogo kidogo. Kisha chovya kidole safi au kijiti cha pamba katika dawa iliyomiminwa kwenye kijiko, usugue taratibu juu ya utando wenyewe, na kwenye kaakaa pia. Usichovye kijiti kilichotoka kinywani ndani ya chupa ya dawa. Usiichanganye na maziwa ya chupa, kwani itapita tu.

Utando hupungua baada ya siku mbili tatu, na hapo ndipo wazazi wengi huacha. Endelea mpaka siku 7 angalau, na kama utando ulichukua muda kuondoka, endelea saa 48 baada ya kuutafuta ukaukosa. Wengine huhitaji siku 14. Siku 5 zikifuatiwa na kurudi kwa utando baada ya wiki moja hazithibitishi kwamba dawa imeshindwa. Zinaonyesha kazi iliyoachwa kati. Nistatini ikizidi kidogo huweza kulegeza choo, basi.

Zipo dawa zenye nguvu zaidi. Majaribio yaliyozilinganisha na nistatini yameonyesha kwamba jeli ya mikonazoli na flukonazoli ya maji huponya watoto wengi zaidi, tena haraka. Ila kila moja ina sharti lake. Jeli ya mikonazoli ni nzito na inanata. Ikiwekwa nyingi nyuma ya kinywa huweza kuziba koo la mtoto mdogo, na matukio ya kukabwa yamewahi kutokea. Katika nchi kadhaa haikuidhinishwa kwa mtoto wa chini ya miezi 4, na kwa mtoto njiti hungojwa hata miezi 5 au 6. Anayeandikiwa hupakwa kidogo kidogo kwa kidole kwenye sehemu ya mbele, wala mama asiipake kwenye chuchu ya titi kabla tu ya kunyonyesha. Flukonazoli humezwa na kuingia katika damu, kwa hiyo hutolewa kwa uzito: mara nyingi miligramu 6 kwa kila kilo siku ya kwanza, kisha miligramu 3 kwa kilo mara moja kwa siku, kwa siku 7 hadi 14, na kwa mtoto wa siku chache mpangilio hubadilika kwa sababu figo zake huitoa polepole. Hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari, si ya kukisia.

Jenshiani vayoleti, ile ya zambarau, imetumika kwa miaka mingi na miongozo ya huduma za watoto imeitaja kwa nguvu nusu, yaani asilimia 0.25. Huua kandida kweli. Lakini ikiwa kali zaidi, au ikipakwa siku nyingi mfululizo, huchoma kinywa na kuacha vidonda vinavyomfanya mtoto akatae titi, na mwaka 2019 mamlaka ya afya ya Kanada iliwaonya watu waache kuitumia kwa sababu ya hofu ya saratani iliyotokana na majaribio ya wanyama. Palipo na nistatini, hakuna haja ya kuikimbilia. Asali usimpe kabisa kabla ya mwaka mmoja, hata ya kupaka, maana inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli hadi ya kupumua. Boraksi iliyochanganywa na gliserini ni sumu kwa mtoto. Na kusugua kinywa kwa kitambaa kikavu mpaka kitoe damu kunafungua mlango ambao fangasi alikuwa akiutafuta.

Kuhusu vyombo: chuchu za chupa, chuchu bandia, na sehemu za pampu zinazoguswa na maziwa zioshwe kwa maji ya moto na sabuni, zichemshwe dakika 10 kila siku wakati wa matibabu, kisha zikaushwe kabisa. Kukausha huko watu hukudharau. Kandida hujenga tabaka la kunata juu ya mpira na silikoni, na unyevu ndio unaolilinda. Chuchu iliyopasuka au kuchakaa itupwe, na matibabu yakiisha weka mpya. Kama mnaweza kumpa maziwa ya usiku kwa kikombe kidogo badala ya chupa, mmeondoa chanzo kizima. Maziwa yaliyokamuliwa siku za utando yanaweza kunywewa siku hizo hizo. Kuyagandisha hakumuui fangasi, kwa hiyo yale ya akiba ya siku hizo mpe mtoto dawa ikiwa bado inaendelea, usiyamwage.

Na titi lako? Kama halina shida, hakuna ulazima wa kupaka kitu. Kama chuchu zinauma, zinawaka, zinang'aa au zimepasuka, mwombe anayekuhudumia atazame kwanza mtoto anavyoshika titi, kwa sababu wataalamu wanabishana kuhusu ni maumivu mangapi ya chuchu yanayotokana na fangasi kweli, na mengi hutokana na mtoto kushika vibaya. Yakionekana ni ya fangasi, wote wawili hutibiwa kwa wakati mmoja, kwa krimu ndogo baada ya kunyonyesha, inayofutwa ikibaki kabla ya mnyonyesho unaofuata. Kunyonyesha hakusimami.

Mfungue pia nepi. Kandida aliyemezwa hutokea upande wa pili. Upele wa nepi unaotokana naye ni mwekundu sana, unaingia kwenye mikunjo ya mapaja, na pembeni yake kuna vidoadoa vyekundu vilivyotawanyika kama vifaranga kando ya kuku. Ule wa mkojo tu kwa kawaida huiacha mikunjo. Ukiutibu mdomo ukaacha makalio, umetibu nusu, ingawa wa makalioni hupakwa krimu, haumezeshwi dawa.

Sasa nirudi kwenye swali lako kubwa: kinywa kinasema nini kuhusu mwili mzima.

Kuna jambo ambalo likieleweka, hofu nyingi hupungua. Mlinzi wa kinywani na mlinzi wa damuni si mmoja. Kinywani, anayemzuia kandida ni kundi la chembe za kinga ziitwazo limfosaiti T, zinazotoa ishara inayowaamuru ngozi ya kinywa na chembe nyingine kujihami. Damuni, kazi hiyo hufanywa zaidi na neutrofili, zile chembe nyeupe zinazomeza vijidudu. Ndiyo maana mtu ambaye virusi vya ukimwi vimemaliza limfosaiti zake hutoka utando kinywani mara kwa mara, lakini ni nadra kandida kuingia katika damu yake. Na ndiyo maana mtoto njiti aliye mahututi anaweza kuwa na kandida damuni huku kinywa chake kikionekana safi. Kwa hiyo usemi kwamba utando wa mdomoni unamaanisha "damu imeingiliwa" haufuati njia ambayo ugonjwa wenyewe hufuata. Kwa mtoto aliyezaliwa kwa wakati, mwenye afya, utando haushuki kuingia damuni.

Watoto njiti ni habari nyingine. Aliyezaliwa na uzito wa chini ya gramu 1,000, ana mrija kwenye mshipa, amepewa antibiotiki kwa wiki kadhaa na halishwi kwa njia ya tumbo, ana ngozi na utumbo ambavyo havijawa ukuta. Kwake, kandida kuenea kinywani, tumboni na kwenye ngozi ni hatua inayotangulia maambukizi ya damu, na vitengo vyenye matukio mengi humpa flukonazoli ya kinga mara mbili kwa wiki. Humo pia hukutwa kandida parapsilosisi, anayependa mikono ya wahudumu na mirija. Dalili zake huwa hazihusu kinywa: pumzi zinazokatika, joto lisilotulia, sukari ya damu inayopanda, chembe za kugandisha damu zinazoshuka. Mtoto wako hayumo katika kundi hili.

Kundi linalotuhusu zaidi ni la watoto ambao limfosaiti zao zina tatizo. Hapo umri ndio kipimo cha kwanza. Utando kati ya wiki ya kwanza na miezi 6 ni jambo la kawaida. Ukianza baada ya miezi 9 au mwaka, bila antibiotiki wala steroidi, unahitaji maelezo. Kipimo cha pili ni ukaidi: utando unaoendelea kuwepo licha ya wiki mbili za dawa iliyotolewa sawasawa, au unaorudi kila dawa ikisimama, ni tofauti na ule uliokatishwa matibabu. Shirika la Afya Duniani, katika kupanga hatua za ugonjwa wa VVU kwa watoto, linahesabu utando unaodumu baada ya wiki 6 hadi 8 za kwanza za maisha kuwa dalili ya hatua ya tatu. Neno la kushika hapo ni "unaodumu", na linahusu mtoto mwenye maambukizi, si kila mtoto wa wiki 7.

Kipimo cha tatu, na kwa maoni yangu ndicho kizito kuliko vyote, ni wenzake wa utando. Mtoto asiyeongezeka uzito, anayeharisha kwa wiki, anayepata nimonia au homa zinazojirudia, mwenye tezi zilizovimba, ini au bandama kubwa, au upele usioeleweka, huyo apimwe hata kama utando wenyewe ni kidogo. Utando peke yake hauleti homa. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye nyuzijoto 38 au zaidi anakwenda hospitali mara moja, na kosa kubwa ni kusema "ni fangasi tu za mdomoni" huku ugonjwa mwingine ukikua. Mtoto anayelia kila anapomeza, anayetoa mate badala ya kuyameza, huenda fangasi ameshuka kwenye umio, na hilo kwa mtoto ni nadra kutokea bila sababu ya kinga.

Vipimo vyenyewe havina mengi. Cha kwanza ni hali ya VVU ya mama, hata kama ulipimwa ukiwa mjamzito, kwa sababu maambukizi yanaweza kutokea baadaye, wakati wa kunyonyesha. Mtoto wa chini ya miezi 18 hapimwi kwa kipimo cha kingamwili peke yake, maana kingamwili za mama huwa bado zimo mwilini mwake. Hupimwa kirusi chenyewe, kwa PCR. Cha pili ni hesabu kamili ya damu, na hapa kuna mtego ambao hata watumishi wa afya huuingia. Limfosaiti za mtoto wa wiki chache huwa nyingi kuliko za mtu mzima. Zikiwa 2,000 katika mikrolita moja, karatasi iliyochapwa kwa viwango vya watu wazima itaandika "kawaida", ilhali kwa mtoto idadi iliyo chini ya 2,500 ni ishara ya kumtuma kwa mtaalamu wa kinga. Omba uambiwe hesabu yenyewe, usiridhike na asilimia.

Ugonjwa unaotafutwa kwa hesabu hiyo ni upungufu mkali wa kinga wa kuzaliwa nao, ambapo limfosaiti T hazipo au hazifanyi kazi. Ni nadra. Mtoto huzaliwa akiwa mzima machoni, kisha ndani ya miezi ya mwanzo hutoka utando usiopona, huharisha, huacha kukua. Haraka ina maana hapa: wanaopandikizwa chembe za uboho kabla ya miezi mitatu na nusu, kabla ya maambukizi, hupata matokeo bora zaidi. Anayeshukiwa asipewe chanjo zenye vijidudu hai, kama BCG (ya kifua kikuu) na ya rota (ya kuhara), mpaka majibu yake yatoke. Asiyeshukiwa apewe chanjo zake zote kwa wakati, na utando wa kawaida si sababu ya kuahirisha hata moja.

Utapiamlo mkali nao huidhoofisha kinga hiyo hiyo, na kwa mtoto wa namna hiyo kandida huja pamoja na tatizo, kisha huliongeza kwa kumfanya ashindwe kula. Njia hiyo ya pili inafaa kuangaliwa hata kwa mtoto mzima wa afya. Madhara makubwa ya utando wa kawaida ni kunyonya kidogo. Mtoto anayeshika titi, ananyonya mara mbili tatu, anaachia akilia, kisha anashika tena, ana maumivu kinywani. Hesabu nepi: zikiwa 6 au zaidi zenye mkojo kwa siku, maji yanamtosha. Uzito katika miezi mitatu ya kwanza huongezeka gramu 20 hadi 30 kwa siku, kwa wastani wa wiki nzima. Nepi zikipungua, utosi ukibonyea, au mtoto akilegea, usisubiri dawa ya fangasi ifanye kazi.

Kwa hiyo binti yako: rudia nistatini kwa dozi uliyoandikiwa, kwa namna niliyoeleza, siku zisipungue 7 na zifike 14 kama utando bado upo, chemsha chuchu za chupa kila siku au hamia kikombe, tazama nepi na matiti. Mpime uzito leo na tena baada ya wiki mbili. Kama hujapimwa VVU tangu ujauzito, pimwa sasa, ni kipimo cha dakika chache. Siku ya 14 chukua tochi, tazama mashavu, fizi na kaakaa. Pakiwa safi na uzito umepanda, shughuli imeisha, wala usirudie kuotesha pamba maabara kuthibitisha, kwa maana kandida utamkuta tena. Utando ukiwepo bado siku hiyo, ingawa hukukosa dozi hata moja, mrudishe kliniki: ataweza kuhitaji flukonazoli, na hapo ndipo hesabu ya limfosaiti inapofaa kuombwa, hata akiwa bado anacheka na kunenepa.